Debe la Kwenye Kona

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi Juni, 1997, saa tisa na robo alasiri, mama alipoinua debe la kwenye kona na kitako chake kikabaki chini.

Kazi yenyewe tulikuwa nayo tangu asubuhi. Shangazi, dada yake baba, alikuja na baiskeli kutoka Magamba amefunga viroba viwili vya samadi kavu, akatazama mboga zetu akacheka. Alisema mchicha kama huu hata mbuzi angeuuliza kwanza kama unaumwa. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Kawajense, shamba hatuna, uani tuna tuta moja lililozungushiwa matofali, na madebe ya mafuta, na ndoo zilizopasuka mdomo. Udongo ulikuwa wa miaka mingi. Ulishikana kama ukoko wa ugali, ukimwagilia maji yanapita pembeni tu.

Shangazi alisema udongo haufai kutupwa, unalishwa. Basi tulimwaga kila chombo juu ya turubai, tukaponda mabonge, tukatoa mizizi, tukachekecha kwa kipande cha wavu wa dirisha, halafu tukachanganya na samadi, majivu kidogo na pumba za mpunga zilizooza. Mimi nilipewa kuchekecha. Nilipenda, maana huongei na mtu. Shangazi akanitania kwamba siku nikiolewa mume atadhani kaletewa mtungi.

Debe la kwenye kona lilibaki peke yake. Shangazi alipolinyooshea mkono, mama alimwahi akaliinua mwenyewe ili alihamishe. Kutu ilikuwa imeshakula chini kote. Nusu ya udongo ikamporomokea miguuni, na yeye akabaki amekumbatia bati na uliosalia ndani.

Ndani ya debe lile kulikuwa na kitovu cha mdogo wangu. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa nyumbani, kwenye ardhi yenu. Bibi, mama yake mama, alikataa kukizika uani. Alisema siku mkihama mtoto atabaki kwa watu. Akaleta udongo wa shambani kwake kule kwenye makazi ya wakimbizi, akautia kwenye debe, akakizika humo kwa kidole gumba, mimi nikiangalia. Siku mkijenga, alisema, mtakimwaga kwenu. Mtoto alifariki hata jina hajapewa. Bibi naye akafuata mwaka uleule.

Mama alimwagilia debe lile kila siku, hata kiangazi tukiwa tunabania maji ya kuoga. Mchicha wake hatukuuchuma kamwe. Ulijiotea, ukachanua, ukapukutisha mbegu, ukaota tena, kila mara mdogo zaidi. Dirisha langu lilitazama kona ile. Jioni nilizoea kusikia mtu anabembeleza pale, sauti ya chini bila maneno, nikijua ni mama. Kuna jioni moja niliisikia huku mama yuko jikoni anasonga ugali. Sikumwambia mtu.

"Wifi, weka chini," shangazi alisema.

"Chini ni kwa mwenye nyumba."

Shangazi akanitazama mimi. Nikamweleza sikioni, na sidhani kama nilikuwa nimewahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mara moja. Alimwaga pembeni udongo uliokuwa kwenye turubai, akalikung'uta, akalivuta hadi kwenye vidole vya miguu ya mama.

"Basi weka kwangu hapa."

Mama akaachia. Alichuchumaa akakusanya na ule uliokuwa umeanguka, akakwangua kwa kucha hadi akaacha shimo kwenye uwanja wa mwenye nyumba. Shangazi alisema kwa upole kwamba na huu umechoka, usipolishwa utakufa kabisa, na ndoo nzima ya kuutilia ipo. Mama alijifuta udongo mikononi. Halafu akaniambia mimi.

"Ponda wewe, kwa mikono. Nikiponda mimi nitakitafuta."

Akatugeuzia mgongo.

Udongo wote mwingine siku ile ulikuwa na joto la jua. Ule ulikuwa wa baridi. Niliponda bonge moja moja nikiogopa kitakachonigusa vidole. Nilikuta mizizi, ganda la konokono, kipande cha mkaa. Basi.

"Kipo?" mama aliuliza bila kugeuka.

Nilitamani kumdanganya. "Hakipo, mama. Udongo tu."

Alikuja akachota gao moja la udongo, akalibinya kuupima kama shangazi alivyotufundisha asubuhi, akafungua kiganja. Ukashikana kidogo, ukavunjika. Akaugusagusa kwa kidole gumba. Akasema changanyeni.

Tukachanganya samadi, tukajaza ndoo ambayo shangazi aliitoboa kitako kwa msumari wa moto ili maji yasituame. Tukaiweka kwenye kona, mama akamwagilia. Baada ya muda maji yalitokea chini, ya rangi ya chai, yakaingia kwenye uwanja wa mwenye nyumba. Mama aliyatazama yakiisha, akaingia ndani, na chakula hakula.

Usiku ule sikusikia kubembeleza. Nilisikiliza sana, na ukimya wenyewe ulinitisha kuliko ile sauti.

Asubuhi, kabla hatujaenda kanisani, nilichukua sinia la chai nikaenda kwenye kona. Nikaipandisha ndoo juu ya matofali mawili, nikalitegesha sinia chini yake, nikamwagilia. Nikakaa nikisubiri mpaka matone yakakoma. Halafu nikalibeba sinia kwa mikono miwili, polepole nisimwage, nikayarudisha yale maji juu, ndani ya ndoo.