Tulipong'oa Lantana ya Mama Taaka

Asubuhi moja hainitoki kichwani, mwanangu, pamoja na uzee wote huu. Nilikuwa msichana wa mjini Busia, upande wa Uganda, nimesimama ukingoni mwa kinamasi, matope mpaka magotini, jembe begani, sijui nicheke au nilie. Mbele yangu korongo wawili, wale wenye taji la dhahabu kichwani, walikuwa wakizunguka huku wakipiga kelele. Nyuma yangu mama mtu mzima amejishika kiuno, ananiuliza tumefanya nini. Ningemjibu nini, na mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza hilo hilo?

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia Jumamosi wewe na wenzako mnakwenda Mulanda kung'oa lantana. Tangu jana nakuona unanoa panga huku unaimba. Vizuri. Ila weka hilo panga chini kwanza, linanitia wasiwasi. Sikukatazi kwenda. Nataka tu uende na kichwa chako, usiende na mikono peke yake.

Basi, baba yangu alikuwa msafirishaji. Alikuwa na lori, anapakia nafaka na samaki wakavu, anavuka mpaka, anarudi. Kwetu ilikuwa Kiswahili, msikiti na biashara. Shamba nililiona kupitia dirisha la lori. Mmea wowote wa kijani usiokuwa sukuma wiki, mimi nilijua ni majani tu.

Rafiki yangu wa tangu shuleni alikuwa Nafula, Msamia, binti wa wakulima. Aliolewa mapema, akahamia kwa wakwe zake pembeni mwa kinamasi, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka mjini. Ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi cha kujitolea. Tulikuwa vijana wa pande zote mbili za mpaka, tunakutana Jumamosi kutoa magugu ya kigeni yaliyokuwa yakimeza kinamasi, ili ndege na wanyama wa asili ya pale wasikose pa kuishi. Malipo yetu chai na mihogo ya kuchemsha, na vicheko. Niliingia kwa ajili ya Nafula, nikabaki kwa ajili ya vicheko. Usinitazame hivyo! Hata wewe najua kuna mtu kwenye kikundi chenu unayemfuata, na mimi sijauliza jina.

Adui yetu mkubwa alikuwa hiyo hiyo lantana, ile Waganda wanaiita kayukiyuki. Vimaua vyake vizuri, vya rangi ya chungwa na waridi, na vitunda vyake vyeusi watoto wote wanavila. Kiongozi wetu Barasa, kijana wa upande wa Kenya aliyekuwa amepata mafunzo, alitueleza kwamba mmea huu uliletwa, si wa hapa. Unakaba nyasi. Ng'ombe akiula anaugua. Ukiachwa, unafunga ukingo wote mpaka korongo wanakosa pa kutembea na kutafuta wadudu. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Barasa hakudanganya. Ndiyo maana jambo hili linanichanganya mpaka kesho, mwanangu, kwa kuwa hakuna aliyedanganya.

Kichaka kikubwa kuliko vyote kilikuwa kwenye shamba la Mama Taaka, mama mkwe wa Nafula, kati ya njia ya watu na kinamasi. Kilikuwa kirefu na kizito, hata mbuzi hapiti. Mama Taaka alikuwa mjane, mkali, wa maneno machache. Lakini aliwapenda korongo wawili waliokuwa wakija pale kila msimu wa mvua. Alisema tangu waanze kuja, hajazika mtoto tena. Fikiria uzito wa neno hilo kwa mtu aliyewahi kuzika.

Nafula, bibi arusi ambaye hata jiko la pale hajalizoea, ndiye aliyempigia magoti kuomba ruhusa. "Mama, ni kwa ajili ya hawa hawa korongo wako. Kichaka kikitoka, watapata nafasi." Mama Taaka alilipima siku kadhaa. Kisha akamwambia, "Haya. Kwa neno lako." Yaani kwa neno la mkamwana! Nafula alikuja mjini mbio kunieleza, hata khanga imemlegea.

Sasa sikiliza jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Barasa alikuwa amesema tutoe kipande kidogo tu siku ile, kingine wiki nyingine. Lakini sisi watu wa mpakani unatujua. Ukituweka mahali pamoja lazima iwe Kenya na Uganda. Tulikuwa na mtindo wetu: Wakenya wanaanzia mwisho huu, Waganda mwisho ule, na katikati tunachomeka mti. Watakaofika kwenye mti kwanza ndio wababe mpaka Jumamosi ijayo, na walioshindwa wanateka maji ya chai. Siku ile mti ulichomekwa mbali kuliko alivyotaka Barasa, na mtu mmoja akauchomoa akausogeza mbele zaidi, na wa upande wa pili naye akasogeza. Nyimbo zikapanda. Barasa akapiga kelele, "Jamani, pole pole!" Nani amsikie? Hata yeye mwishowe alishika jembe, maana Wakenya wenzake walikuwa wanaachwa.

Alasiri kichaka chote kilikuwa chini. Chote. Waganda tulishinda, tukashangilia kama wendawazimu.

Halafu mmoja wetu akasema, "Kile ni nini?"

Ndani kidogo ya kinamasi, kwenye majani yaliyolazwa chini, kulikuwa na kiota. Mayai mawili, meupe yenye kuelekea samawati, yako wazi kabisa. Kabla ya hapo kichaka kiliyaficha. Sasa mtu yeyote aliye njiani angeweza kuyaona, na mbwa wa mtaa mzima wangeweza kufika. Korongo wenyewe walikuwa wamerukia ng'ambo, wamesimama wanatuangalia. Wimbo ukakatika wenyewe.

Tulirudi nyumbani bila kuagana vizuri. Na kesho yake asubuhi ndipo yalipotokea yale niliyoanza kukusimulia. Nilikwenda na Nafula, tukawakuta korongo wanazunguka kiota, wanakaribia, wanaruka, wanarudi, wanaogopa. Mama Taaka akatukuta pale. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilifika.

"Nyinyi mlifanya nini hapa?"

Nafula alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Mtu nahama boma namna gani?" akauliza. "Natangulia na jogoo na moto. Nalala kule kwanza. Jogoo nawika, moto nawaka, ndio narudi kuvunja nyumba ya zamani. Sasa hii ndege, mliiwashia moto wapi? Wapi nyumba yake nyingine?"

Mwanangu, nimewahi kugombezwa na baba, na walimu, na mume. Hakuna gombezo lililoniingia kama lile. Hakupaza sauti hata kidogo. Alimgeukia Nafula, akasema tu, "Neno lako," akaondoka. Nafula akakaa chini palepale kwenye matope na nguo yake safi. Banange, nilimwonea huruma! Alijua korongo wakikimbia, hatakuwa mkamwana wa kuaminiwa tena pale bomani. Na kama, Mungu apishe mbali, mtoto yeyote angeugua msimu ule, unafikiri angeangaliwa nani?

Tukamwita Barasa, akaja na wengine. Hapo ndipo ungeona watu waliochanganyikiwa. Mmoja anasema tuondoke kabisa, tusiwasumbue. Mwingine anasema tukiondoka mbwa watakuja. Wa tatu anataka tupande matete haraka haraka, ambayo yangechukua msimu mzima kukua. Mwingine akasema tuyachukue mayai tukamwatamishe kuku! Tulimwuliza Barasa. Alivua kofia, akajikuna. "Maze, jamani, mimi nilifundishwa kung'oa. Hii sikufundishwa." Nilimpenda kwa jibu lile. Wengine wangetunga uongo.

Mwishowe Nafula aliinuka, akaenda mpaka kwenye lundo la lantana tuliyokuwa tumekata tuichome. Akavuta matawi, miiba inamchana mikono, akayapanga kando ya njia kama mtu anayejenga zizi. Akarudi, akavuta mengine. Tulielewa, tukamfuata. Tulijenga ua wa ile ile lantana, mbali na kiota lakini kati yake na njia, tukaacha upande wa maji wazi. Mama Taaka alitoka akatazama.

"Mama, itasaidia?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. "Jaribuni."

Nilitaka aseme ndiyo au hapana. Mzee mzima! Nilidhani wazee wanajua. Sasa mimi ndiye mzee, na nakwambia ukweli, mara nyingi tunajaribu tu kama nyinyi.

Tulipeana zamu za kukaa njiani, mbali, kufukuza mbwa na kuwaomba watu wapitie kwingine. Mchana wa siku ile korongo hawakurudi kiotani. Nafula hakula. Jioni, jua likiwa bado lipo, mmoja alitembea taratibu, akasimama, akajikunja, akalalia mayai. Nafula alinishika mkono akanibana mpaka nikaumia.

Yai moja lilianguliwa. La pili halikuanguliwa. Kama ni sisi tulioliharibu, kwa kuwaweka wazazi nje kwa muda mrefu, au ni yai ambalo lingekufa hata hivyo, sijui. Niliwahi kumwuliza Barasa miaka mingi baadaye, naye hajui. Nimeshaacha kuuliza, lakini sijaacha kuwaza.

Na unajua lililofuata? Baada ya mvua, ule ua wetu ulichipua! Lantana iliyokatwa, iliyogusa udongo wenye maji, ikaota upya, kijani, na vimaua vyake juu. Barasa aliketi chini akacheka mpaka akatokwa na machozi. Tukaanza tena, ila safari hii kipande kwa kipande, tukitanguliza matete na mafunjo pembeni, tunayasubiri yashike, ndipo tunang'oa lantana iliyo karibu yake. Msimu wa mayai hatugusi kitu. Mashindano ya kufikia mti tuliyaacha, ingawa Wakenya mpaka leo wanasema tuliwaibia.

Siku moja tukiwa kwenye kazi hiyo, Mama Taaka alituita kwa mkono. Korongo walikuwa wametoka na mtoto wao. Walimpitisha palepale tulipopaacha wazi, kwenye nyasi fupi zilizokuwa zimeanza kuota kichaka kilipotoka, wakawa wanadonoa panzi, mtoto anajikwaa nyuma yao. Pale pale! Bila kung'oa lantana, nyasi zile zisingekuwapo. Na kwa kung'oa, nusura tuwapoteze.

Mama Taaka alitazama muda mrefu. "Sasa hii kichaka ilikuwa mbaya ama ilikuwa mzuri?" akauliza.

Tukaangaliana. Naye akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, akamwangalia Nafula. "Mkamwana, nawe hujui?"

"Sijui, mama."

"Basi kuanzia leo wewe ndiyo unasema nini itoke hapa, na lini. Mtu anajua hajui, huyo atauliza kwanza." Akamkabidhi jembe lake mwenyewe, lenye mpini uliolainika, ambalo hata mumewe Nafula hakuruhusiwa kuligusa. Nafula alipiga magoti akalipokea kwa mikono miwili, na makovu ya miiba bado yako mikononi.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Lantana ing'oeni, hiyo kazi ni njema na msichoke nayo. Lakini kabla hujaanza, ingia upande wa pili wa kichaka utazame kuna nani. Uliza mwenye shamba, na umsikilize mpaka amalize, hata kama anasema pole pole. Ukimtoa kiumbe mahali, uwe umeshamwandalia pengine. Msishindane kwa kukata. Kama lazima mshindane, shindaneni kwa kupanda. Na ukifika mahali huelewi, ukaona wote mnaangaliana, usione aibu kusema hujui. Shusha jembe, kaa na wenzako, mfikiri. Pengine hata baada ya kufikiri hamtajua, na mtalazimika kujaribu huku mnatetemeka. Jaribuni kwa mikono yenu wenyewe, na mbaki pale mpaka muone mwisho wake. Atakayekimbia, huyo simtaki nyumbani kwangu.

Haya, chukua panga lako. Mwenyezi Mungu akulinde na miiba na nyoka wa kinamasini. Akupe wenzako wa kweli, na mama mkwe asiyekusamehe upesi lakini akishakusamehe anakupa jembe lake. Na siku utakaposimama kwenye matope usijue kama umejenga au umebomoa, akujalie moyo wa kutoondoka pale. Amina. Nenda, na Jumatatu uje uniambie mlikuta nini nyuma ya kile kichaka.