Kidole Kilichokataa Viatu vya Ukoo

Duka la viatu lilikuwa na jina la babu juu ya mlango, na kwa miaka kumi na mmoja mjukuu wake wa kike ndiye aliyewapokea wateja. Ndiye pia aliyevaa kilichouzwa: viatu vyembamba, vyenye ncha mbele. Shangazi yake, mshika funguo, hakukubali vingine.

Kidole chake cha pili cha mguu wa kulia kikaanza kujikunja kwenye kiungo cha katikati, kikasimama kama nyundo. Juu yake pakaota sugu. Ikifika saa sita mchana, alikuwa akitabasamu huku ameuma meno.

Daktari alikibonyeza, kikalala.

"Bado kinanyooka, una bahati. Kifunge kwa plasta. Asubuhi kunja taulo sakafuni kwa vidole vya mguu. Na viatu vipana mbele, dada. Kikikakamaa, dawa itabaki kisu cha upasuaji tu."

Akamwendea shangazi. "Tuagize hata jozi moja pana."

"Pana? Watu waseme siku hizi tunauza viatu vya kulimia?"

"Shangazi, naumia."

"Mimi navivaa tangu usichana. Umewahi kuniona nikichechemea?"

Kweli, hakuwahi. Shangazi alishinda kitini kutwa nzima.

Basi miezi minne alikunja taulo, na alichokinyoosha alfajiri kiatu kilikikunja kabla ya adhuhuri. Ilikuwa kama kufua nguo huku mtu anaimwagia matope kambani.

Daktari alikibonyeza tena. Kikashuka nusu, kikagoma.

"Ulikuwa unavaa viatu gani?"

Akavisukuma viatu vyake vyembamba chini ya kiti. Kusema kungekuwa kuwaanika watu wake.

Siku ileile, mchana kweupe, alivuka barabara akaingia duka la washindani wao.

"Dada, umepotea njia?" muuzaji akamtania.

"Namba arobaini, vipana mbele."

"Nikutilie kwenye mfuko mweusi?"

"Navaa hapahapa."

Shangazi alimngoja mlangoni, uso umemwiva. "Zunguka, pitia nyuma. Wateja wasikuone."

"Wamekwisha kuniona."

Akapita mlango wa mbele. Siku tatu shangazi hakumsemesha ila kumtajia namba za viatu vya wateja. Kidole nacho kilibaki palepale, nusu, na daktari hakuahidi kitu. Kila asubuhi alikifunga plasta akiihesabu ile miezi minne aliyoipoteza, kisha akaenda kusimama kwenye kaunta na viatu vyake vipana.