Kitu Kilichotolewa Luberizi

Asubuhi ya baridi, nikipita karibu na gari linalokataa kuwaka, pua yangu hutangulia kukumbuka kabla ya kichwa. Ni ile harufu ya mafuta yasiyoungua vizuri, nzito, inayokwama kooni, na moshi mweusi unaotambaa chini kwa sababu hewa bado ina umande. Najua wengi harufu hiyo inawaudhi. Mimi hunirudisha Cimpunda, kwenye kilima chetu cha Bukavu, nina miaka tisa, nimeshika kikombe cha chai mlangoni, namsikiliza papa akibembeleza gari.

Gari lenyewe lilikuwa zawadi. Tonton Deo, kaka mkubwa wa maman, alifanya biashara ya mchele kule Luberizi, na aliponunua lori akampa dada yake gari lake dogo. Maman alijivunia gari lile kuliko nyumba. Alimpenda sana kaka yake; ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, na nyumbani kwetu neno baya juu ya Tonton Deo halikuvuka kizingiti.

Lakini gari lilikuwa na ugonjwa. Asubuhi halikutaka kuwaka. Papa alijifunza kuliegesha kichwa kikiangalia mteremko, jiwe chini ya gurudumu, ili likikataa lisukumwe lishuke na kuwakia njiani, kama wafanyavyo wengi Bukavu wanaokaa milimani. Majirani walishazoea. Jumapili walitusukuma na mashati yao ya misa, na mmoja wao alipenda kusema, “Gari ya Papa Furaha, batu ya kuisukuma ni bengi kuliko batu ya kuipanda.” Furaha ni mimi. Na hata likishawaka halikutulia. Likisimama tu lilitetemeka mpaka vioo vikalia, likapiga kikohozi, likazima, isipokuwa papa akae amekanyaga mafuta.

Tulicheka hivyo mpaka asubuhi moja ya mvua. Maman alishikwa na uchungu alfajiri, na teksi hazikupanda kilima chetu matope yakiwa vile. Papa alijaribu, akajaribu tena. Majirani walisukuma, wakateleza, wakaanguka, wakasukuma tena. Gari liliwaka kule chini kabisa, kumekucha, na maman ndani ameng’ang’ania kiti. Walipofika maternite, hospitali ya uzazi, mtoto alizaliwa, wa kiume, wakamwita Baraka, na kabla ya jioni akafa. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya kuchelewa. Wala hakusema kwamba siyo.

Baada ya hapo hakuna aliyetania tena juu ya gari letu. Maman alipopata mimba nyingine, niliona papa anavyoliangalia gari kila jioni, kama mtu anayedaiwa jibu. Na maman alikuwa halali. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao akigeuka na kugeuka.

Papa alikuwa amelipeleka mara nyingi kwa Papa Mugisho, fundi wa Kadutu, mtu mwembamba wa maneno machache. Alibadilisha bujii, zile plagi za kuwashia moto, alibadilisha batri, alisafisha kabureta. Shida ni kwamba gari lilifika kwake likiwa limeshateremka milima na kupata uhai kidogo. Mbele ya fundi lilijifanya halina ugonjwa, kama mgonjwa anayepona akimwona daktari. Siku moja Papa Mugisho akamwambia papa, “Basi. Usiniletee tena. Mimi ndiye nitakuja kwako asubuhi. Na usiiwashe mbele nifike. Nataka niikute na baridi yake.”

Akaja amevaa kofia ya sufu, ukungu bado umekaa juu ya ziwa. Mimi nilikuwa mlangoni na chai yangu, maman bado ndani. Alifungua boneti, akatoa bujii moja, akampa papa aione: nyeusi tii kwa masizi, nayo ilikuwa mpya ya juzijuzi. Akazisafisha zote, akalibembeleza gari mpaka likawaka, likaanza kutetemeka kwake. Hapo fundi hakufanya kitu. Aliweka mkono juu ya bomba la maji linalokwenda kwenye radieta, akauacha pale muda mrefu, kama mzazi anavyopima homa. Akaangalia mshale wa kupima joto kwenye dashibodi. Ulikuwa umelala chini kabisa, na haukuamka.

Akazima, akasubiri, akafungua kichuma kimoja mahali bomba linapoingilia injini, akachungulia. Kisha akamwita papa.

“Hapa kunakaaka kifuniko kidogo,” akasema. “Kinafunga maji mpaka injini ipate moto, halafu kinafungua. Humu hamuna kitu. Balikitosha, balikiondoa. Hii gari ilitoka wapi?”

“Luberizi.”

“Ah. Kule chini mu Plaine, mu bonde, joto ni mingi. Banakitoshaka, banasema inasaidia injini isichemke. Kule inaweza kwenda. Lakini hapa kwetu injini inabakia na baridi siku yote, inakunywa mafuta mingi, bujii zinakuwa nyeusi. Asubuhi inakataa.”

Papa aliinama, akachungulia mule ndani yeye mwenyewe. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Hata ile asubuhi?”

Papa Mugisho aliangalia mikono yake. “Hata ile.”

Sasa sikilizeni alichosema papa, maana kwa miaka mingi nilikishika moyoni kama jiwe. Alisema, “Utanitafutia kipya, na kingine cha zamani, cha kutu. Maman Furaha akiuliza, kilikuwa ndani, kimezeeka tu.”

“Papa Furaha, mimi sisemaka bongo, kudanganya mutu hapana.”

“Ni kaka yake,” papa akasema.

Fundi akaiweka kofia yake vizuri, akateremka kwenda kutafuta.

Mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na katekista wetu alituchambulia uongo mpaka tukauogopa kuliko nyoka. Na huyu hapa papa wangu, wa kuimba kwaya, anapanga uongo mchana kweupe, tena anamwingiza na mtu mwingine. Nilikasirika sana. Sikuelewa inamhusu nini Tonton Deo. Kwa mawazo yangu papa aliona aibu tu kwamba gari lake halikuwa na kitu muhimu na yeye hakujua.

Fundi alirudi na vifuniko viwili, kipya na kibovu, akafunga kile kipya ndani ya injini. Maman alitoka, tumbo mbele, mkono kiunoni. Papa akamwekea kile kibovu kiganjani na kumweleza, haraka kidogo, kwamba hiki ndicho kilikuwa kinasumbua, kimezeeka ndani, gari nalo lina umri. Maman alikigeuza. Kutu ikamchafua vidole. Alikiangalia muda mrefu, halafu akamwangalia papa.

“Kweli, kimezeeka,” akasema. “Asante, papa.”

Akaingia ndani kupika.

Asubuhi iliyofuata gari liliwaka mara moja na kutulia, likiunguruma polepole. Jirani mmoja alikuja amekunja suruali tayari kusukuma, akarudi kwake kama mtu aliyenyimwa kitu. Usiku ule maman alilala, na usiku uliofuata. Mdogo wangu Neema naye, baada ya mahangaiko yote yale, alizaliwa saa nane mchana, jua limewaka, saa ambayo hata gari bovu lingekubali.

Tonton Deo alipanda kutoka Luberizi kumwona, na gunia la mchele begani. Uani alisikia injini, akafurahi. “Munasikia? Si mimi nilitosha kile ki...” Papa akamdakia kumwuliza habari za mavuno. Wakati huohuo maman akaita kutoka jikoni, “Kaka, kuya kwanza ku meza, bugali inapoa.” Mimi nilimwona papa tu kuwa anamkatiza. Sauti ya maman niliichukua kuwa ya chakula.

Papa ametutoka. Tonton Deo alimfuata, na ilikuwa kwenye matanga yake Luberizi ndipo nilipomweleza maman nilichosikia siku ile, nikidhani namfunulia jambo. Aliendelea kuchambua mchele.

“Siku kaka alipokitosha nilikuwa pale,” akasema. “Mimi ndiye nilimushikia boliti zake mukononi. Alikitupa mu mufereji wa mpunga, tukacheka.”

“Basi ulijua tangu zamani?”

“Hapana. Sikujua kama inaweza kuzuia gari kuwaka. Nilijua pale papa yako aliponiletea kile cha kutu, anasema kilitoka ndani. Ndani hamukuwa kitu. Nikajiuliza, kwa nini mutu wangu ananidanganya? Nikaelewa yote mara moja. Baraka, na kaka, na ile mvua.”

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Nilimwuliza kwa nini hakusema.

“Papa yako alikuwa anasimama pale na grisi mu mikono,” maman akasema, “anangoja nimuamini. Nikamuamini.”