Ukuta wa Kinyinya

Nilipoanza kufundisha uandishi wa habari hapa Kigali, gazeti nililolitumikia lilikuwa limeshaacha kuchapishwa. Nilikuwa nawafundisha vijana kazi ambayo mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama bado ipo. Nikajificha nyuma ya kanuni nilizozizoea: thibitisha, uliza pande zote, ndipo uandike.

Muhula mmoja niliwatuma wakatafute habari mitaani kwao. Wawili walirudi na habari ileile. Huko Kinyinya, mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa ghorofa walikata udongo kupita kiasi. Mvua ikanyesha, ukuta wa bibi mmoja jirani ukaanguka, na tope likaingia mpaka sebuleni.

Wa kwanza, binti aliyekulia Bujumbura, alimkuta bibi akilia juu ya godoro lililolowa. Alimrekodi kwa simu, akairusha video mtandaoni mchana uleule, bila kumuuliza mtu mwingine. Wa pili, kijana mpole wa Kagugu, alimtafuta msimamizi wa ujenzi, akaenda ofisi ya sekta, yaani ya serikali ya mtaa, akaambiwa aandike barua, akaandika, akasubiri. Baada ya wiki moja alinikabidhi habari safi kabisa, kama nilivyofundisha.

Lakini ukuta ulikuwa umeshajengwa. Mwenye ghorofa aliiona video, na kesho yake asubuhi akaleta mafundi.

"Mwalimu, kwa hiyo mimi nimefeli?" binti aliniuliza tukitoka darasani.

"Hukumuuliza mwenye ghorofa."

"Ningeanza kumtafuta yeye, bibi angelala wapi?"

Kijana, aliyekuwa nyuma yetu, akasema taratibu, "Na habari yangu mimi inamsaidia nani sasa?"

Jumamosi nikaenda nao Kinyinya, nikidhani bibi mwenyewe angetuamulia. Alitukaribisha chai ya maziwa, akatuonyesha ukuta mpya, kisha akamgeukia binti.

"Ni wewe ulinipiga ile video?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukuta iko pale, asante sana. Lakini mtoto wangu iko Ubelgiji, alinipigia simu analia. Sokoni wananiita mukecuru wa matope, kikongwe wa matope. Nimefundisha watoto katekisimu miaka mingi, sasa watu wananijua kwa kulia."

Binti akatoa simu. "Niifute sasa hivi?"

"Hapana. Wakichimba tena, nani atanisikia?" Bibi akautazama tena ukuta. "Au ifute. Sijui. Uliza mwalimu wako."

Wote watatu wakanitazama. Nikasema sijui. Kisha nikarudia kwa Kinyarwanda, "Simbizi," kana kwamba lugha ya pili ingeniletea jibu.

Kijana akafungua daftari lake, akamwambia bibi kwamba msimamizi wa ujenzi alidai ukuta ulikuwa na ufa hata kabla hawajaanza kuchimba.

"Ni kweli," bibi alisema bila kusita. "Ulikuwa na ufa mkubwa. Hakuna aliyeniuliza."

Binti akaketi chini polepole. Sikujua nimwonee huruma yeye, au mwenye ghorofa, au nijionee aibu mimi niliyefika kule na kunywa chai bila kuuliza swali hata moja.

Mwishowe bibi aliingia ndani, akabadili kitenge, akatoka na kuketi vizuri kwenye kiti. Binti akamrekodi tena, kijana akauliza maswali. Bibi alieleza yote, ufa, uchimbaji na mvua, wala hakulia. Mimi nilishika mwavuli ili jua lisimchome.

Video hiyo ya pili ilitazamwa na watu wachache mno, wengi wao wanafunzi wangu. Ile ya kwanza bado inazunguka. Bibi hajatuambia tuifute wala tuiache.

Niliwapa wote wawili alama sawa. Kijana alikuja ofisini kuniuliza kwa nini. Nilimweleza kwa muda mrefu, na nilipomaliza, hakuna kati yetu aliyekuwa ameelewa.