Msiba wa Jumamosi kwa Evelina

Evelina hakuwa mtu wa kutulia tangu zamani, lakini baada ya kumzika mama yake alizidi. Akiketi, anainuka. Akibandika maharage, anakumbuka sato, anatoka mbio kwenda mwaloni kwa wauza samaki, na anarudi mikono mitupu maharage yakiwa yameungua. Kazi yake ya kutandika vitanda kwenye gesti moja pale Kirumba ilimfaa, maana ilikuwa ya kupanda na kushuka ngazi kutwa. Mimi niliyepakana naye ukuta kwa ukuta nilichoka kusikia ndala zake zikizunguka chumbani, na nilimwambia hivyo. Sijaumbwa kumeza maneno.

Kilichomsumbua tulikijua. Mama yake alifia Sengerema, nasi majirani tukavuka na kivuko kwenda kuzika. Evelina ndiye alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, na Mzee Obedi, mwalimu wa kwaya, alishatoa amri yake: waliookoka hawapigi ukunga, wanaimba. Basi mtoto wa pekee wa marehemu akasimama kando ya kaburi akaimba tangu jeneza linashuka hadi udongo unasawazishwa, macho makavu. Watu wakasifu imani yake. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha. Mzazi analiliwa, bwana. Hata ng'ombe hulia pale mwenzake alipochinjwa.

Miaka hiyo wazungu wa kutafuta dhahabu walikuwa wengi. Wanalala Mwanza, asubuhi wanavuka Busisi kwenda zao Geita. Mmoja wao alisahau kanda ya kaseti chini ya kitanda pale gesti. Evelina akaileta nyumbani ili azibe matundu yake kwa karatasi, kama tulivyofanya wote, arekodi mazoezi ya kwaya juu yake. Kabla ya kuifuta akataka kusikia kilichomo.

Niliposikia mimi nilidhani redio imekufa. Magitaa yalivuma yote pamoja kama mvua juu ya bati, huwezi kutenga tone na tone. Chini yake ngoma inakimbia. Na nyuma kabisa, kama yuko ng'ambo ya kilima, mwanaume anapiga mayowe. Nikaingia na ungo wangu wa mchele mkononi.

"Eve, huyu anachinjwa?"

"Sijui, Mama Chenge. Kaa kwanza."

"Nikae nifanye nini?"

"Usitafute maneno. Kaa tu."

Nikakaa, kwa ubishi. Wimbo ulikuwa mrefu kama mahubiri. Sikuupenda, na siwezi kudanganya kwamba niliupenda baadaye. Lakini baada ya muda, kutoka ndani ya zile kelele, ukaanza kusikika mlio wa polepole, wa huzuni, ambao nadhani ulikuwepo tangu mwanzo, na nikajikuta nimeacha kuchambua mchele. Nilipomtazama Evelina alikuwa ameketi sakafuni, kaegemea kitanda, miguu imetulia. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu Sengerema.

Akakataa kuifuta. Kila akitoka kazini anaanika betri zake juani zipate nguvu kidogo, kisha anajifungia. Mzee Obedi akaja kudai kanda ya kwaya, akasikia yale mayowe, akarudi nyuma hatua nzima. Akasema hayo ni mapepo. Ama afute kabla ya Jumapili, ama asikanyage tena kwenye kwaya. Kwaya ilikuwa ndio ndugu pekee waliombakia Evelina, na yule mzee alilijua hilo. Wiki ile ndala zilizunguka kuliko zamani.

Jumamosi mchana, mawingu yamejaa ziwani na upepo unapeperusha nguo kwenye kamba, akafunga mlango akafungulia redio mpaka mwisho. Nilikuwa nafua. Nikasikia ukunga mwingine nje, wa wanawake. Nainua kichwa, naona Bibi Teodora wa nyumba ya pili anaingia uani, khanga kiunoni, mikono kichwani, na nyuma yake kina Modesta, majirani wenzetu, mmoja na kuni, mwingine na unga. Walimsikia mwanaume analia ndani ya nyumba ya watu. Kwetu mwanaume halii hivyo bila maiti, na kwenye msiba huulizi njiani, unaingia unalia. Nilipofika mlangoni kuwazuia walikwisha kuvua viatu.

Evelina akazima redio. Bibi Teodora akamshika mabega.

"Nani, mwanangu? Nani katutoka?"

Nikafungua mdomo kueleza kuwa ni muziki tu. Evelina akaniwahi.

"Mama."

"Mama yupi tena? Si tulimzika?"

"Mlimzika ninyi," akasema. "Mimi nilikuwa naimba."

Hakuna aliyecheka. Bibi Teodora alifungua khanga yake, akamfunga Evelina kiunoni, akaikaza.

"Basi lia."

Akalia, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Mayu! Mayu wane!" Alijitupa chini, tukamdaka, tukalia naye, hata mimi mwenye mapovu mikononi. Modesta akawasha moto uani, akabandika maji ya ugali, maana msiba ni msiba.

Habari zikamfikia Mzee Obedi. Akaja na Biblia kwapani, akasimama kizingitini, akaanza kutukumbusha kwamba waliookoka hawalii namna hii. Bibi Teodora hata hakugeuka.

"Obedi, kwenye msiba wanaume wanakaa nje."

Akatazama huku na huku, akaona kigoda karibu na kuni, akaenda akakaa.