Eskadrili ya Dafroza

Kiabakari, kwenye barabara ya Musoma kwenda Bunda, Dafroza alijulikana kwa neno moja la Kifaransa, na mwenyewe wala hakujua Ufaransa iko upande gani. Alilipata parokiani, alikokuwa akifua nguo za Padri Klementi, mzee wa Kifaransa aliyekuwa fundi wa ndege za vita enzi za ujana wake.

"Eskadrili," Padri alimweleza siku moja, mashati yakiwa bado kwenye beseni, "ni kikosi kidogo cha ndege, chini ya kiongozi mmoja. Zikizidi, kuna jina jingine. Lazima ziwe chache, maana sisi tuliobaki chini tulikuwa tunaijua kila moja kwa mlio wake kabla haijaonekana."

"Na isiporudi, Padri?"

"Unaendelea kusikiliza," alisema Padri, akaingia ndani.

Dafroza alilipenda neno hilo kwa sababu naye alikuwa na ndege zake. Kiwanda cha pamba kule Bunda kilikuwa na malori saba, yote akiyajua kwa mlio, na moja, Bedifodi kuukuu lililokohoa kila lilipobadilishwa gia, liliendeshwa na mumewe Burito. Likikohoa mteremkoni, Dafroza alibandika sufuria jikoni. Mpaka Burito ashuke, maji ya kuoga yalishapata moto. Majirani wakasema eskadrili ya Dafroza inatua, naye alifurahi kutaniwa hivyo.

Kisha ikaja miaka ya foleni. Sabuni hakuna, sukari hakuna, dizeli ndiyo usiseme. Mwaka themanini na tatu Burito alitumwa kupeleka mashudu Tabora. Utingo wake alirudi peke yake na habari: lori limekufa, Burito amebaki kulilinda mpaka spea ipatikane.

Spea haikupatikana, na Burito hakurudi. Dafroza alifunga mizigo zaidi ya mara moja aende Tabora, na kila mara akaifungua, akihofu lori litapita yeye hayupo. Usiku kitanda kilikuwa kipana mno. Alimtamani mumewe yule, hata ile harufu ya dizeli aliyokuwa akiilalamikia.

"Wifi," Wankyo, dada yake Burito, alimuuliza, "wewe unasubiriaga lori au mtu?"

"Vinakujaga pamoja," alijibu Dafroza.

Padri Klementi akarudishwa kwao kwa uzee. Biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa gulioni, wafanyabiashara wakaanza kununua pamba kwa malori mapya ambayo Dafroza hakuyajua hata moja. Hata hivyo aliyasikiliza yote.

Asubuhi moja ya mwaka tisini na tatu, akianika muhogo, alisikia kikohozi mteremkoni.

Hakukimbia barabarani. Alibandika sufuria, akachochea kuni, akafunga kitenge kizuri. Lori likasimama mbele ya mlango wake wa bluu hasa. Akashuka mwanamume asiyemjua.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Enoka. Naomba maji ya rejeta, lori linachemka."

"Marahaba." Dafroza alikuwa akiutazama mlango wa upande wa pili. Haukufunguka.

"Limetoka wapi hili?" aliuliza Dafroza.

"Tabora. Tajiri wangu alilinunua mnadani. Kuna mzee pale anauzaga mkaa, ndiye alitufundisha kuliwasha. Akaniambia nikifika Kiabakari, kwenye nyumba ya mlango wa bluu, niombe maji. Akasema hapo sitanyimwa."

"Ni mzima?"

"Mzima kabisa, mama. Ana mke, na watoto wawili wadogo."

Uchungu ulimpanda Dafroza, na mgeni yuko mbele yake anasubiri. Kumbe Burito alijua. Miaka yote hiyo alijua kwamba maji yapo jikoni, na akamtuma mtu mwingine kuyachukua.

Akaenda jikoni, akarudi na sufuria. Enoka alichovya kidole, akatabasamu.

"Kama vile ulijua, mama. Ya baridi yangepasua injini."

Maji ya kuogea ya Burito yakaingia yote kwenye rejeta, Dafroza akiwa ameshika mfuniko.

Siku hizi lori hilo hupita kila wiki. Dafroza anajua aliyemo ni Enoka, mwenye mji wake Bunda. Likikohoa mteremkoni, mkono wake huenda kwenye sufuria, kisha anaurudisha. Siku nyingine huchelewa kuurudisha, na maji yanapata moto.