Mafuta ya Samaki Nyumbani kwa Murugi

Watiri wa Gakindu alianza kuinua vyuma akiwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao wenzake wa kikundi cha akina mama kanisani walikuwa wakianza kununua miwani. Walimcheka, tena si kwa siri. Ati anataka kuwa mwanamume? Ati amepata kijana huko Mukurweini? Watiri aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Yeye ni fundi wa kushona sare za shule, na mtu aliyeishi na kelele za cherehani miaka ishirini na tano hashtushwi na maneno ya watu.

Sababu yake ilikuwa moja tu, nayo ililala chumba cha pili. Mama yake, Murugi, mwenye miaka themanini na moja, alikuwa ameteleza akichuma kahawa, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo miguu ikagoma kabisa. Kila asubuhi ilibidi atolewe kitandani, awekwe kwenye kiti cha magurudumu, asukumwe hadi barazani aote jua na kuisimamia kahawa yake kwa macho. Jioni arudishwe. Mtu wa kufanya hayo alikuwa Watiri, na baada ya miezi mitatu mgongo wa Watiri ulikuwa ukilia kuliko mgonjwa mwenyewe.

Hapo ndipo Kingori alipoingia. Kingori alikuwa mpakiaji wa magunia ya kahawa kabla hajafungua jimu yake nyuma ya kinu cha posho, chumba cha mabati chenye vyuma alivyovitengeneza mwenyewe kwa kumwaga simiti ndani ya mikebe ya rangi. Alimfundisha Watiri kukunja magoti, kuubana mzigo kifuani na kuusukuma kwa mapaja badala ya kiuno. Hakumcheka hata siku moja. Watiri humwombea hadi leo, na mimi naona anastahili.

Basi wakawa na mtindo wao, mama na binti. Murugi hufunga mikono yake shingoni mwa Watiri, mashavu yakagusana, Watiri akamkumbatia kiunoni, akahesabu moja, mbili, tatu, wakasimama pamoja. Mtu akiwaona kwa mbali angedhani wanacheza muziki.

Lakini kuna jambo moja lililomkereketa Watiri, na hakuwahi kulisema. Alikuwa amepewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Murugi, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka kwa binti wa pili. Binti wa namna hiyo mama yake humwita "Maitu", yaani mama yangu, tangu akiwa mchanga. Kila nyumba pale Gakindu ilikuwa na Maitu wake anayetumwa chumvi. Murugi hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita "wewe msichana", hata sasa msichana huyo alipokuwa na mvi.

Kulikuwa pia na ahadi. Kaka yake, Moffat, anayefanya kazi shamba la maua huko Timau, alikuwa na wasiwasi usioisha. "Mami akianguka hata mara moja," alisema kwa simu, "namkujia. Kuna nyumba ya wazee huku, ni safi, iko na manesi." Watiri alikubali kwa sababu kaka yake hakuwa mbaya, aliogopa tu. Murugi aliposikia, alisema heri azikwe kati ya mikahawa yake kuliko kufia kwa wageni.

Mwaka wa pili wa mazoezi, Watiri alianza kuongeza uzito wa vyuma, na kila siku iliyofuata mazoezi mapaja yake yalikuwa yakikaza hata kukaa kwenye cherehani ni taabu. Kingori akamuuliza, "Kwani wewe unakulanga samaki?"

Watiri alicheka mpaka akashika ukuta. Nyumbani kwa Murugi samaki hakuwahi kuvuka kizingiti. Wazee wengi wa rika lake huko kwetu huhesabu samaki kuwa ndugu wa nyoka, na Murugi aliwazidi wote. Zamani Watiri alinunua ngege pale Sagana akampika. Murugi alimwaga mchuzi, kisha sufuria yenyewe ikatupwa chooni.

"Sasa kunywa hii," Kingori akasema, akimpa mkebe wa vidonge vya mafuta ya samaki. "Lakini nikuambie ukweli. Hii haitakuinulia chuma, chuma utainua mwenyewe. Maumivu ya kesho yake ndiyo inaweza pungua kidogo. Kwa wengine inasaidia, kwa wengine sioni."

Watiri aliuficha mkebe kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Akawa anameza viwili alfajiri kwa chai ya rangi, tumbo likiwa tupu. Kosa lilikuwa hapo. Siku ya nne, mikono ya mama ikiwa shingoni na hesabu ikiwa imefika mbili, kitu kilimpanda Watiri kifuani na kutoka mdomoni kabla hajakizuia. Alicheua harufu ya samaki, tena karibu kabisa na pua ya Murugi.

Murugi aliachia mikono.

Walikuwa katikati, si kitandani wala kitini. Mtu mwingine angemwangusha. Watiri alimbana kiunoni, akashuka naye polepole kwa mapaja yale yale yaliyomuuma, mpaka makalio ya mzee yakagusa godoro. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Kingori, akaishukuru mikebe ya simiti mmoja mmoja.

"Umekula nyoka," Murugi akasema, akageukia ukuta. "Usiniguse."

Na hakuwa anatania. Siku tatu alikataa kuinuliwa. Alikubali kupanguswa na kugeuzwa, basi. Jua liliwaka barazani bila mtu wa kuliota, na ngozi ya mgongo wake ikaanza kuwa nyekundu. Watiri aliijua maana ya wekundu ule, kwamba vidonda vya kulala vilikuwa njiani. Moffat alipopiga simu, alishindwa kumdanganya.

"Nakuja Jumamosi na gari," Moffat akasema. "Umejaribu, dada yangu. Imetosha."

Jumamosi asubuhi Watiri alikunja nguo za mama yake kwenye mfuko huku machozi yakidondoka juu ya sweta. Kisha akapiga moyo konde, akautoa mkebe drooni, akausimamisha mbele ya kitanda.

"Mami, ndiyo hii. Ni mafuta ya samaki. Nilikuficha, na nimekosa. Naenda kuitupa kwa choo, sufuria iliko. Lakini nikubalie nikuinue, Moffat akute uko kwa kiti."

Murugi akanyoosha kiganja. "Leta moja nione."

Akakielekeza kidonge dirishani. Kilikuwa cha rangi ya asali, kikipenyeza mwanga. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ilikuwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wazungu, tumefungiwa kijijini, shamba hatuendi. Mjomba wako Gatimu alikuwa mtoto, amefura miguu na njaa. Siku moja mama yangu alitoka kuchimba mtaro wa wazungu, akapitia mto Gura, akarudi na kitu amefunga kwa nguo. Akapika. Akasema ni kuku. Nilikula nikaramba vidole. Halafu nikaona mfupa, nyembamba kama sindano yako."

Watiri akaketi pembeni mwa kitanda.

"Nikaenda kuambia wasichana. Ikafika jioni, kijiji chote inasema Watiri analisha watoto nyoka. Wanawake wakakataa kuchota maji na yeye. Na mimi, msichana wake, akinyoosha mkono anishike, nilikuwa nasonga kando. Nilisonga mpaka akazoea. Alikufa kabla hata hatujatoka hapo kijijini. Gatimu akapona. Ile samaki ndiyo ilimponya. Mimi pia iliniponya, na sikuwahi kumwambia asante."

"Ndiyo maana hujawahi kuniita..." Watiri akaanza.

"Ningekuita na mdomo gani? Kila nikikuona namuona. Juzi nimekuachia mikono vile nilimuachia yeye. Siku tatu nimekuwa nikifikiria hiyo."

Nje gari likasimama langoni. Moffat akaingia, kofia mkononi, uso wa mtu aliyekuja kufanya jambo asilolipenda. Akaona mfuko wa nguo, akautundika begani, akaona mama kitandani, akamsalimu na kuinama amshike mabega.

"Ngoja," Murugi akamwambia. "Wewe hujui kuinua. Utanivunja ingine. Simama hapo uone vile watu wanainua."

Kisha akamtazama binti yake. Alifunga mikono shingoni mwake, mikono ile mikavu iliyochuma kahawa miaka sitini, akaikaza kwa nguvu ambayo Watiri hakujua bado anayo. Mashavu yakagusana. Shavu la mzee lilikuwa na maji.

"Hiyo dawa yako usitupe," Murugi akasema. "Kunywa baada ya chakula."

Ni ushauri ule ule ambao Kingori angempa, lau Watiri angemuuliza. Hakupata nafasi ya kuucheka.

"Asante, Maitu," mama yake akamnong'oneza sikioni. "Asante kwa chakula. Haya, sasa niinue."

Moffat aliuweka mfuko chini. Watiri alikunja magoti, akahesabu moja; mbili na tatu zikahesabiwa na Murugi.